Kazi ya Chuo Kikuu Wakati wa Janga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafanyakazi

Maswali haya yalianza Machi 2020, vyuo vikuu vya Kenya vilipofungwa kwa sababu ya korona, na huibuka tena kila ugonjwa mpya unapotangazwa. Wanaouliza ni wahadhiri, makarani, mafundi wa maabara, wapishi, walinzi. Majibu yanafuata sheria za Kenya na yale yaliyoonekana vyuoni. Mahali ambapo swali moja linagusa jingine, utaelekezwa kwa nambari.

## Mambo ya msingi

1. Vyama vyetu ni vipi, na mimi niko chini ya kipi?

Katika vyuo vikuu vya umma vyama ni vitatu. UASU, kilichosajiliwa 2003, ni cha wahadhiri. KUSU ni cha wafanyakazi wa utawala na ufundi. KUDHEIHA, ambacho pia kina wanachama katika hoteli, hospitali na majumbani, huwatetea wafanyakazi wa mabweni, jikoni, usafi na ulinzi.

Upande wa pili kuna mabaraza ya vyuo, ambayo hujadiliana na vyama kwa pamoja kupitia jukwaa lao, IPUCCF. Tume ya Mishahara, SRC, hutoa ushauri wake, na pesa zenyewe hutoka Hazina ya Kitaifa. Ujue mpangilio huu mapema, maana malalamiko mengi hufa kwa kupelekwa kwenye mlango usio wake. Sabuni, madirisha yasiyofunguka na zamu za walinzi ni mambo ya chuo chako, na tawi la chama linaweza kuyamaliza kwa kikao kimoja. Mshahara na marupurupu hujadiliwa kitaifa, na hapo safari ni ndefu.

2. Ugonjwa ni kazi ya Wizara ya Afya. Chama kinaingiaje?

Wizara hutangaza kwamba watu wasikaribiane. Haiji kukuambia nani afundishe darasa la mwaka wa kwanza lililofurika hadi mlangoni, wala nani afagie bweni alimougua mwanafunzi. Hayo huamuliwa na mwajiri, na kila uamuzi wa mwajiri kuhusu mazingira ya kazi ni jambo la chama.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi achunguze hatari zilizopo na kuchukua hatua za kuzipunguza. Penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Kabla hujauliza jambo jingine lolote, uliza kamati ya chuo chako ina nani na ilikaa lini mara ya mwisho. Ibara ya 41 ya Katiba nayo inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani lilipandisha usalama na afya kazini hadi daraja la haki za msingi za mfanyakazi, sambamba na uhuru wa kujiunga na chama.

3. Nikumbusheni mambo yalivyokwenda.

Tarehe 13 Machi 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliagiza taasisi za elimu zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa, tarehe 20. Kafyu ikaanza tarehe 27. Julai, Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba shule za msingi na sekondari zingebaki zimefungwa hadi Januari 2021. Vyuo vikuu vilirudi kwa awamu kabla ya hapo, waliokuwa mwaka wa mwisho wakitangulia. Kafyu iliondolewa 20 Oktoba 2021, na amri ya kuvaa barakoa hadharani 11 Machi 2022.

Yote hayo yalitukuta tukiwa katikati ya mvutano wa mkataba wa pamoja wa 2017–2021, yaani makubaliano ya mishahara na masharti ya kazi kati ya vyama na mabaraza ya vyuo. Kwa hiyo mfanyakazi aliingia kwenye janga akidai, akatoka akidai. Mgomo wa siku 49 wa 2025 ulikuwa, pamoja na mambo mengine, wa kudai Sh7.9 bilioni za malimbikizo ya mkataba huohuo. Anayeuliza kwa nini wafanyakazi wa vyuo hawakuwa na subira wakati wa korona ahesabu hiyo miaka.

## Kwenda kazini penye hatari

4. Naweza kukataa kuingia darasani au maabara?

Unaweza, lakini kwa utaratibu. Kifungu cha 14 cha sheria ya usalama kazini kinakutaka umwarifu msimamizi wako mara moja ukiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba pana hatari kubwa kwako au kwa wenzako. Mwajiri haruhusiwi kukurudisha mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Sheria hiyohiyo inamkataza kukuadhibu kwa kulalamika.

Tofauti kati ya haki hii na utoro ni maandishi. Andika barua pepe fupi kwa mkuu wa idara: ukumbi gani, saa ngapi, wanafunzi wangapi, kinachokosekana ni nini, na uko tayari kufanya kazi kwa njia gani nyingine. Mpe nakala mwakilishi wa chama. Atakayekaa nyumbani bila neno, hata awe na sababu nzito namna gani, atajikuta mbele ya kamati ya nidhamu akiwa hana karatasi mkononi. Hofu ya jumla ya ugonjwa haitoshi. Eleza hatari ya mahali mahususi.

5. Barakoa, sabuni na kitakasa mikono ananunua nani?

Mwajiri. Vifaa vya kujikinga vinavyohitajika kwa sababu ya kazi ni juu yake, na pia anatakiwa kuvitunza na kuvibadilisha vikichakaa. Barakoa moja ya kitambaa iliyogawiwa siku ya kufungua chuo haimalizi wajibu huo. Maji pia yamo humu. Vyuo vilivyopanga ndoo langoni huku vyoo vya ghorofa ya tatu vikiwa vikavu vilitengeneza picha ya gazeti tu.

6. Nina miaka 63, na nina kisukari. Nitalazimika kufundisha ana kwa ana?

Mwaka 2020 serikali iliagiza watumishi wa umma wenye miaka 58 na zaidi, pamoja na wenye magonjwa sugu, wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma muhimu. Vyuo vikuu vilikuwa na ugumu wake, kwa kuwa maprofesa na wahadhiri wengi huendelea na kazi hadi umri mkubwa kuliko watumishi wengine, na baadhi ya idara zingebaki bila mtu wa kusimamia tasnifu.

Dai linalojibika ni kubadilishiwa kazi: usimamizi wa tasnifu kwa simu au video, kutunga na kusahihisha mitihani, mihadhara ya mtandaoni. Peleka barua ya daktari inayosema huwezi kukaa na umati, bila kutaja ugonjwa kama hutaki. Hali yako ya kiafya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mkuu wa idara hana ruhusa ya kuitangaza kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi.

7. Mimi ni mhudumu wa usafi wa mabweni. Mbona sisi hatutajwi?

Una haki ya kuuliza, na jibu letu ni kwamba vyama vilichelewa. Vikao vya 2020 vilijaa mazungumzo ya kufundisha mtandaoni ilhali kuna kazi ambayo haiwezi kufanyika mtandaoni kabisa. Walinzi walikesha malangoni. Mafundi wa maji na umeme waliendelea na zamu. Wahudumu wa zahanati za vyuo walipokea wagonjwa. Mabweni ya baadhi ya vyuo yaligeuzwa vituo vya karantini, na yalihitaji mtu wa kufua mashuka, kuzoa taka na kupeleka chakula. Mtu huyo mara nyingi alikuwa mwanamke wa gredi ya chini kabisa, mwenye glavu za kuoshea vyombo na bila mafunzo ya kuvua vazi la kujikinga pasipo kujichafua.

Sheria inasema mwenye mahali pa kazi anawajibika kwa usalama wa watu wote wanaofanya kazi hapo. Kwa hiyo hata kama umeajiriwa na kampuni ya usafi iliyopewa zabuni, chuo hakiwezi kukuambia uende ukaiulize kampuni yako. Na kama unaitwa kibarua lakini umefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakuhamisha kutoka ukibarua hadi kwenye masharti ya mwajiriwa wa kawaida, likizo ya ugonjwa ikiwamo ukifikisha miezi miwili (tazama swali la 14). Weka kumbukumbu za siku ulizofanya kazi. Daftari la zamu lililopigwa picha kwa simu limewahi kuokoa watu.

Tawi linapoandaa madai, madai ya kundi hili yatangulie: mafunzo, vifaa kamili, mahali pa kuoga na kubadilisha nguo kabla ya kwenda nyumbani, na posho ya hatari kwa wanaohudumia wagonjwa au waliotengwa.

8. Zamu yangu inaisha wakati kafyu imeanza. Nifanyeje?

Mwajiri anayekupangia zamu kama hiyo ana wajibu wa kukupa barua ya kazi na njia ya kufika nyumbani salama. Usikubali kuambiwa utajipanga. Walioshikwa barabarani 2020 walijieleza wenyewe kwa polisi, na si wote waliosikilizwa.

## Kufundishia nyumbani

9. Bando, umeme na kompyuta nalipa mimi?

Kwa haki, hapana. Kwa hali ilivyokuwa, wengi walilipa. Chuo kilipohamisha darasa kwenda sebuleni kwako kilihamisha pia bili ya umeme, intaneti, kiti na meza, na hakuna aliyetia sahihi kukubali. Vyuo vingine vilijadiliana na kampuni za simu ili wanafunzi na wahadhiri wapate bando nafuu. KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti, uliweka mfumo wa mikutano ya video kwa vyuo wanachama. Lakini mfumo wa bure haukusaidii ukiwa huna data ya kuufikia.

Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinasema masharti ya kazi yakibadilika, mwajiri ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amwarifu kwa maandishi. Mahali pa kazi ni mojawapo ya masharti hayo. Weka risiti za bando tangu siku ya kwanza. Tawi liombe posho ya mwezi yenye kiwango kinachojulikana, maana marejesho ya risiti mojamoja huzama kwenye ofisi ya fedha.

10. Tangu masomo yaende mtandaoni nafanya kazi hadi usiku. Ni halali?

Mzigo wa kazi wa mhadhiri huhesabiwa kwa saa za kufundisha, na hesabu hiyo ilitungwa kwa ajili ya darasa la kuta nne. Somo la saa tatu la mtandaoni huanza siku moja kabla, kwa kuandaa maandishi na kupakia video, na huendelea baadaye kwa kujibu jumbe za wanafunzi waliokatikiwa na mtandao. Kazi za kusahihisha huja kama picha za simu zilizopigwa gizani. Kwa kina mama wenye watoto ambao shule zao zilikuwa zimefungwa, saa ya kazi ilikuwa ile ya watoto kulala.

Chama kidai mambo mawili kwa maandishi: saa za maandalizi ya mtandaoni zihesabiwe kwenye mzigo wa kazi, na kuwe na saa ambazo mfanyakazi hadaiwi kujibu. Wakati huohuo, andika saa zako halisi kwa wiki chache. Bila takwimu zenu wenyewe mtajadiliana kwa malalamiko.

11. Mihadhara niliyorekodi ni mali ya nani?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya huielekeza kazi iliyofanywa chini ya mkataba wa ajira kwa mwajiri, isipokuwa kuwe na makubaliano tofauti. Maneno hayo ya mwisho ndiyo nafasi yetu. Bila makubaliano, chuo kinaweza kuonyesha mihadhara yako baada ya mkataba wako kuisha, na mhadhiri wa muda akaona sauti yake ikifundisha muhula ambao hakulipwa. Dai kwamba rekodi itumike kwa kundi lililofundishwa tu, na matumizi mengine yahitaji idhini na malipo.

## Mshahara na ajira

12. Chuo kinaweza kukata mshahara kwa sababu mapato yamepungua?

Si kwa waraka wa naibu chansela peke yake. Mshahara ni sharti la mkataba, na utaratibu wa kuubadilisha ni ule wa swali la 9. Palipo na mkataba wa pamoja uliosajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, masharti yake yameingia kwenye mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika, na chuo hakiwezi kukubaliana na mtu mmojammoja kukwepa hayo. Ukiletewa fomu ya kukubali kupunguziwa kwa hiari, ipeleke kwa mwakilishi kabla ya kutia sahihi.

Wakitaka kupunguza wafanyakazi, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinadai notisi ya mwezi mmoja au zaidi kwa chama na kwa afisa wa kazi, vigezo vya haki vya kuchagua nani aondoke, na kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi.

Jambo jingine lililozua ugomvi: Aprili 2020 serikali ilishusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 30 hadi 25, na nafuu hiyo ikaisha mwaka ulipoisha. Waliopokea pungufu Januari 2021 wengi walidhani chuo kimewakata. Soma hati ya mshahara mstari kwa mstari kabla ya kuandika barua kali. Mstari wa makato ya Sacco na pensheni uusome mara mbili, kisha uulize Sacco yenyewe kama pesa zimefika. Pesa zilizokatwa kwako na zisifikishwe si deni la kawaida la chuo. Ni mali yako iliyozuiwa, na katika janga ndiyo mkopo wa dharura unaonyimwa.

13. Mimi ni mhadhiri wa muda. Vyuo vikifungwa nitakula nini?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na hatutakudanganya kwamba sheria inakukinga vya kutosha. Wahadhiri wa muda hubeba sehemu kubwa ya ufundishaji, hulipwa kwa somo, na hungoja malipo hadi alama zipokelewe, na wengi hungoja muda mrefu zaidi ya hapo. Chuo kikifungwa katikati ya muhula, somo halijaisha, kwa hiyo dai halijaiva. 2020 baadhi walirudi shambani au kuendesha bodaboda wakiwa na shahada za uzamili.

Unachoweza kufanya ni kuhakikisha una barua ya uteuzi yenye kiwango cha malipo kabla ya kuingia darasani, kuweka kumbukumbu za saa ulizokwisha kufundisha, na kudai sehemu hiyo mara chuo kinapofungwa. Dai la kikundi hupewa uzito zaidi. Matawi nayo yadai kifungu cha malipo ya sehemu muhula unapokatizwa. Tunalitaja hili kila mwaka na tutaendelea kulitaja.

## Ukiugua

14. Nina haki ya siku ngapi za ugonjwa?

Sheria ya Ajira inatoa angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, ukiwa umetumikia miezi miwili mfululizo na una cheti cha daktari. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mikataba ya pamoja ya vyuo hutoa zaidi, kwa hiyo soma wa kwako kwanza.

Kutengwa ukiwa mzima ni jambo jingine, maana sheria haikulifikiria. Aliyekaa karantini siku 14 kwa kukutana na mgonjwa kazini hakuwa mgonjwa, wala hakuwa likizoni. Baadhi ya wasimamizi walimkatia siku zake za likizo ya mwaka. Msikubali. Kama agizo la kukaa ndani limetoka kwa mwajiri au serikali, siku hizo ziandikwe kuwa za kazi.

15. Nikiambukizwa kazini nitalipwa fidia?

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 hulipa kwa ajali na kwa magonjwa yatokanayo na kazi, na vibarua wamo. Orodha ya magonjwa iliyo kwenye sheria ni ya kabla ya korona, lakini ugonjwa usio kwenye orodha unaweza kudaiwa ukithibitisha uliupata kwa sababu ya kazi. Mhudumu wa zahanati ana njia fupi ya kuthibitisha hilo. Mhadhiri aliyepanda matatu kila asubuhi ana njia ndefu.

Ndiyo maana tarehe ni muhimu: siku mwenzako alipopimwa, siku mlipokuwa ofisi moja, siku ulipoarifu. Dai lipelekwe ndani ya miezi 12. Mfanyakazi akifariki, fidia kwa wategemezi hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96, nazo familia nyingi hazijui. Mwakilishi wa tawi aende nyumbani kwa marehemu na fomu, asingoje waje wao.

16. Wanaweza kunilazimisha nichanjwe?

Agosti 2021 serikali iliwapa watumishi wa umma hadi tarehe 23 mwezi huo wawe wamechanjwa, la sivyo wachukuliwe hatua za nidhamu. Baadaye mwaka huohuo mpango wa kuwanyima huduma za serikali wasiochanjwa ulisimamishwa na Mahakama Kuu. Msimamo wetu ni kwamba chanjo ni jambo jema na chama kihimize wanachama, chuo kitoe muda wa kwenda kuchanjwa bila kukata mshahara, na asiyechanjwa asikilizwe kabla ya adhabu yoyote.

## Mgomo na visa vya pembeni

17. Inaruhusiwa kugoma katikati ya janga?

Haki ya kugoma haisimamishwi na ugonjwa. Masharti yake ni yaleyale: mgogoro uwe wa masharti ya kazi, upatanishi uwe umeshindikana, na notisi ya maandishi ya siku 7 itolewe kwa mwajiri na kwa waziri. Zuio la mikusanyiko linagusa maandamano. Kukaa nyumbani bila kuwasha kompyuta ni mgomo kamili pia, na tawi lieleze mapema kwamba mihadhara ya mtandaoni, mitihani na usimamizi wa tasnifu vimo.

18. Mimi ni mhadhiri wa udaktari na pia natibu hospitali ya rufaa. Kukiwa na mgomo nifuate upande upi?

Huduma za hospitali ziko kwenye orodha ya huduma muhimu katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi. Wahadhiri wanaotibu katika hospitali kama Kenyatta jijini Nairobi au Moi mjini Eldoret wako na mguu mmoja kila upande. Njia salama ni kusitisha mihadhara na mitihani pamoja na wenzako, ukaendelea na wagonjwa, na kupata maelekezo ya chama kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza. Vifaa vyako vya kujikinga wodini vidaiwe kwa chuo na kwa hospitali kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja hukuelekeza kwa mwenzake.

19. Chuo chetu ni cha binafsi na hakina chama.

Sheria zote zilizotajwa hapa zinakuhusu, isipokuwa yale ya mikataba ya vyuo vya umma. Kamati ya usalama ya swali la 2 haihitaji chama kuwapo, basi anzieni hapo. Wafanyakazi walio wengi wakijiunga na chama kimoja, kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinamtaka mwajiri akitambue.

20. Niko Tanzania. Majibu haya yananifaa?

Kwa sehemu. Vyuo vya Tanzania vilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa 1 Juni, miezi kadhaa kabla ya vya Kenya, kwa hiyo swali kubwa kwenu lilikuwa kurudi ana kwa ana mapema badala ya kufundisha mtandaoni kwa muda mrefu. Sheria yenu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina likizo ndefu zaidi ya ugonjwa: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Mnayo pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Chama cha kuanzia ni THTU, cha wafanyakazi wa taasisi za elimu ya juu. Wapelekee swali lako likiwa na tarehe na nakala ya mkataba wako.